Kalipa Nyekundu na Makuti ya Bi Mwanatumu

Ukishuka hapa Waa ukauliza nyumba ya Saumu aliyesomea uhandisi, huenda watu wakakutazama tu, lakini ukiuliza nyumba ya yule msichana wa makuti, hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akulete mpaka mlangoni. Aibu hii nimeibeba muda wa kutosha, video yake imeshafika mpaka kwa shangazi yangu Lunga Lunga, kwa hiyo naona bora niisimulie mwenyewe, maana wanaoisimulia wenzangu huongeza mbuzi (hapakuwa na mbuzi) na kuku wawili waliokufa (kuku alikuwa mmoja, na hakufa, alihama tu).

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kufikiria, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Mtu akinitumia ujumbe wa neno moja, "sawa", akaweka na nukta, ile nukta nakaa nayo siku mbili. Nilimaliza chuo, uhandisi wa mitambo, nikarudi nyumbani na cheti kizuri, nikaanza kuandika barua za kuomba kazi, kila moja naisoma mara kumi na moja kabla ya kuituma, na nyingine mpaka leo ziko kwenye simu kwa sababu sijaamua nimalizie "wako mwaminifu" au "wako mtiifu".

Kumbe nilichokitaka kilikuwa uwanjani kwetu. Baba ni fundi wa magari, gereji yake ni banda la mabati kando ya nyumba, na mimi nilitaka kufanya kazi naye pale. Nilimwambia mara moja, akaweka spana chini.

"Sikukusomesha uje ulale chini ya magari ya watu," akasema. "Huko nimelala mimi kwa niaba yetu sote."

Mazungumzo yakaishia hapo, mpaka alipokuja Kevo. Kevo ni kijana wa bara, mpishi katika hoteli moja ya Diani, na ana gari la spoti la milango miwili, kuukuu lakini analipenda kama mama yake. Jumapili wenye magari ya aina hiyo walikuwa wanakutana Diani kuonyeshana, naye akataka kalipa zipakwe rangi nyekundu. Kalipa, kwa asiyejua, ni kile kichuma kinachobana diski ya gurudumu ukikanyaga breki. Kwenye magari yetu ya kawaida hakuna anayekiangalia, lakini kwenye gari la spoti kinaonekana katikati ya rimu, na wenyewe wanapenda king'ae kama mdomo wa bibi harusi.

Baba alikuwa ameitwa Lunga Lunga, kuna lori lilikuwa limekwama karibu na mpaka. Akaniangalia, akaliangalia gari, akaniangalia tena.

"Kazi hii moja," akasema, "mwanzo mpaka mwisho, peke yako. Kevo akiondoka hapa anacheka, mimi na wewe tutakaa tuzungumze habari za banda. Akiondoka analia, urudi kwenye barua zako."

Akapanda pikapu yake. Na hapa inabidi niwaambie kuhusu mazoea ya Baba. Akikaa kwenye gari lolote, liwe lake au la mteja, hagusi ufunguo mpaka akanyage breki mara tatu, na kila akikanyaga anasema Bismillahi. Nimemwona hivyo tangu nikiwa mdogo. Mimi niliyaweka hayo katika fungu la mambo ya Baba tu, pamoja na kutopokea simu akiwa amevua viatu. Siku ile pia alikanyaga mara tatu, akawasha, akaenda zake.

Nilichukua siku mbili kwa kazi ambayo fundi mwingine angeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Niliandika hatua arobaini na tatu kwenye daftari. Nikainua gari kwa jeki, nikaliweka juu ya vigoda vya chuma, nikalitingisha kuhakikisha halianguki, nikaamka usiku kuwaza kama kutingisha kwenyewe kumevilegeza vigoda. Nikazifungua kalipa, nikazining'iniza kwa waya ili mipira ya mafuta ya breki isivutike, nikazisugua kwa brashi ya waya na msasa, nikaziba kwa tepu kila mahali ambapo rangi haitakiwi, nikapaka tabaka tatu nyembambanyembamba. Wakati wa kuzirudisha nikazisukuma ndani pistoni zake, vile vichuma vya mviringo vinavyozibana pedi kwenye diski, ili pedi ziingie vizuri. Jamani, zilipendeza. Nilizipiga picha thelathini.

Ukweli ni kwamba nilijua ukizisukuma pistoni ndani lazima uzirudishe nje kabla ya kuendesha, la sivyo kanyagio halitakuwa na kitu cha kusukuma. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani wa mwaka wa tatu, nami nilipata alama zote. Ila kwenye zile hatua arobaini na tatu halikuwamo. Hatua ya arobaini na moja ilikuwa "kunawa mikono".

Jumamosi baada ya alasiri Kevo akaja na rafiki zake wawili. Aliposhika rimu akachungulia ndani, akapiga mluzi.

"Engineer, hii kitu ni moto. Toa nje nishuti video, jua ikiwa poa hivi."

Chini ya uwanja wetu, ng'ambo ya njia, ndipo anapokaa Bi Mwanatumu, jirani yetu, anayeshona makuti ya mapaa ya hoteli. Alasiri ile alikuwa na wenzake watano kwenye mikeka, na nyuma yao rundo la makuti yaliyoshonwa, limepita kimo cha mtu, linasubiri lori la Jumatatu. Waliposikia video wote wakageuka. Mmoja akajitanda leso vizuri, asije akatokea ovyo.

Nikaingia garini. Rafiki wa Kevo akaondoa mawe tuliyozuilia magurudumu. Mguu wangu, nakuapieni, ulikwenda wenyewe kwenye breki, kwa mazoea ya kumwona Baba, na mimi nikaurudisha. Nikafikiria: nikikanyaga mara tatu mbele ya kamera, Kevo ataona hata mimi mwenyewe nazitilia shaka breki zake. Nikafikiria tena: watasema mhandisi mzima anaua mende. Huo ndio ulikuwa uamuzi wangu mdogo, na sijawahi kufanya uamuzi kwa haraka namna ile tangu nizaliwe.

Nikasema Bismillahi (hilo sikulisahau), nikawasha, nikatia gia ya kwanza, nikatoa hendibreki. Gari likatoka bandani kwa heshima zake zote, na kina mama kule chini wakapiga vigelegele, vya mzaha lakini vya mapenzi. Uwanja wetu una mteremko ambao kwa kawaida maji ya mvua tu ndiyo yanaujua. Nikafika mahali pa kusimama, nikakanyaga klachi, nikakanyaga breki, na mguu ukazama mpaka chini, laini kabisa, kama nimekanyaga uji.

Mtu wa kawaida angeinua mguu akakanyaga tena. Mimi nikaanza kufikiria. Nikafikiria labda mpira wa mafuta umepasuka, nikafikiria nizime injini lakini usukani utakuwa mzito, nikafikiria kuna hendibreki lakini je, ikikatika, na katikati ya hapo nikajikuta nafikiria Baba atasema nini, jambo ambalo halikusaidia chochote, na muda wote huo miguu yangu miwili imekandamiza chini kama inazuia ardhi isipae, na gari linateremka. Kuhusu mwendo naomba niwe mkweli: tulikuwa tunakwenda polepole mno. Kevo alikuwa anatembea kando yangu na simu yake, anarekodi, hata hakazi mwendo, akiamini hii yote ni sehemu ya maonyesho.

Nikatafuta honi nikawasha waipa. Nikatoa kichwa dirishani. "Jamani, samahanini, naomba mnipishe," nikasema, kisha nikaanza Bismillahi, Bismillahi, Bismillahi, bila kituo.

Kina mama wakainuka, huyu na mkeka wake, huyu na chai yake. Kuku akahama. Bi Mwanatumu peke yake alibaki kwenye kigoda, sindano mkononi, akiniangalia nilivyokuwa nakuja.

"Saumu, mwanangu," akasema, "wapita au wakaa?"

"Sijui, bibi," nikamjibu.

Akakisogeza kigoda kidogo, kama mtu anayempisha mgeni msikitini, nikapita. Gari likaingia kwenye rundo la makuti kama mtu anayeingia kitandani. Rundo likainama, likasita kidogo, kisha likashuka lote juu yetu, bonati, kioo, paa, na mchana ukawa giza. Ndani ya giza lile nikaikumbuka hendibreki, nikaivuta, kwa heshima tu. Waipa ziliendelea kupangusa makuti.

Halafu kwa nje nikaisikia sauti ya mmoja wa kina mama, taratibu kabisa:

"Haya, limeshaezekwa. Bado kuta."

Basi. Hapo ndipo mtaa wote ulipopasuka. Nilitolewa kwa kuvutwa, nywele zimejaa vijiti, nikamkuta Kevo amekaa chini kabisa kwenye mchanga, machozi yanamtoka, simu bado iko juu. Nikadhani analia. Nikaanza kumwomba radhi, gari nitalisafisha, mikwaruzo nitaiondoa, sijui nini kimetokea, nikaongea mpaka nikakosa pumzi.

"Engineer," akasema alipoweza, "mimi niliitisha kalipa. Nyumba sikuitisha."

Akaanguka tena. Alikuwa na zamu ya jioni, ikabidi aondoke kwa bodaboda na kuniachia gari, na mpaka anapotea kwenye kona mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mimi nikaenda kuangalia kalipa. Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa, na kila moja ilikuwa imeota ndevu za makuti.

Baba alirudi kabla ya magharibi. Nilimwona anashuka, anaangalia banda tupu, anaangalia ng'ambo ya njia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Akavuka njia, akamsalimu Bi Mwanatumu, akampa pole, wakanong'ona kidogo. Kisha akafungua mlango wa gari, akapangusa majani kwenye kiti, akakaa, akaniita nije nichungulie. Akakanyaga breki: mguu ukazama. Akakanyaga mara ya pili: ukafika nusu. Akakanyaga mara ya tatu, na kanyagio likasimama juu pale, gumu kama jiwe.

"Haya," akasema. "Breki yako ndiyo hii. Ilikuwapo siku zote."

Kila alipokanyaga, mafuta yalizisukuma pistoni nje kidogo, mpaka pedi zikaishika diski. Elimu yote ya mwaka wa tatu ilinirudia pale pale, na mchoro wake, na alama zangu zote.

"Umesahau nini?"

"Bismillahi," nikasema, maana nilikuwa nimechanganyikiwa.

"Bismillahi wameniambia uliisema njia nzima mpaka kwenye makuti. Mungu alikusikia ndiyo maana hukumgonga mtu. Ulichosahau ni mguu."

"Nilidhani ni mazoea yako tu, Baba."

"Ni mazoea yangu. Nilikuwa mdogo kuliko wewe nilipoingiza gari la watu kisimani. Fundi wangu hakunipiga, alinionyesha tu, kama hivi." Akashuka, akajipangusa. Nikajua sasa hukumu ndiyo inakuja, nikaangalia chini. "Kevo aliondoka analia au anacheka?"

Nikafikiria. Nilitaka kusema ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa na pande mbili. "Alicheka," nikasema, "mpaka akakaa chini. Lakini si kucheka kule ulikokusudia, Baba."

"Mimi sikutaja aina," akasema. "Neno ni neno."

Usiku ule sikulala, lakini kwa mara ya kwanza sikuwa nawaza chochote. Alfajiri tuliziondoa zile ndevu, nikazipaka kalipa upya, safari hii bila daftari, Baba akinishikia taa na kunyamaza (kunyamaza kwake kunafundisha kuliko mihadhara ya chuo). Kevo akalichukua gari saa tano, akenda Diani, na jioni akanipigia kusema kalipa zake zimesifiwa sana na video imesifiwa zaidi, na kwamba kuna watu wawili wanataka zao, mmoja ameuliza kama makuti yamo. Siku iliyobaki nilikaa kwenye mkeka kwa Bi Mwanatumu nikishona badala ya yale yaliyovunjika, napima kila jani, mpaka akaninyang'anya akaniambia, "Mwanangu, hili ni paa, si kanzu ya harusi." Lori la Jumatatu lilikuta rundo limetimia.

Sasa nafanya kazi bandani. Nimejifunza kwamba kufikiria sana si sawa na kufikiria vizuri, na nimeapa sitawasha tena gari la mtu yeyote kabla mguu wangu haujauliza mara tatu na kujibiwa. Wiki iliyopita Baba alinirushia ufunguo wa gari la mteja, akageuka kuendelea na kazi yake, hakuniangalia hata kidogo, na sijui kama anajua jinsi kule kutoniangalia kulivyonifurahisha. Nikakaa, nikaweka mguu kwenye breki.

"Mara tatu?" sauti ya Bi Mwanatumu ikatoka ng'ambo ya njia.

"Mara tatu, bibi."

"Vizuri, mwanangu," akasema, na kigoda chake akakisogeza hata hivyo.