Magari Madogo ya Watu wa Ukulele

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi ya kanisani, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba fundi magari huanza kazi akiwa amelala chali. Ilikuwa karakana moja nyuma ya soko mjini Shinyanga. Msimamizi wa karakana, mzee mwembamba ambaye tulimwita Mzee Msimamizi hata tukimtembelea nyumbani kwake, aliitazama sketi, akanipa ovaroli iliyonimeza, kisha akashusha kitu ukutani, katikati ya spana. Kilikuwa gitaa dogo la nyuzi nne, ambalo ungeweza kulikumbatia kama kuku.

"Shikamoo," nilisema, maana sikujua la kusema.

"Marahaba, Kabula. Hii inaitwa ukulele. Geuka utazame mlango."

Niligeuka. Nyuma yangu akapiga uzi mmoja mmoja.

"Upi umelegea?"

"Wa tatu."

"Vizuri. Sasa twende kwenye Morisi."

Hiyo Morisi Maina ilikuwa ya mhasibu wa kiwanda cha pamba, na injini yake ilikuwa ikikohoa. Mzee Msimamizi aliiwasha, akaanza kuchomoa nyaya za plagi, mmoja baada ya mwingine. Ukichomoa waya wa silinda nzima, injini inayumba. Ukichomoa waya wa silinda iliyokufa, mlio haubadiliki kabisa. Akanitaka nifumbe macho nimwambie ni ipi iliyokufa, nikamwambia. Mchana ule nilisafisha kabureta kwa petroli na mswaki, na jioni nikarudi nyumbani nikinuka hata mama akanikataza kukaa karibu na jiko la mkaa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Miaka yangu ya Shinyanga ilikuwa ya magari madogo. Siku hizo walimu, mapadre na makarani wa pamba waliendesha Foksi, Morisi, Fiati na Reno, magari ambayo vijana wa sasa wanayaona kwenye simu wakidhani ni ya kuchezea. Nilijifunza kuseti platini, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche ifike kwenye plagi. Nafasi kati yake ni nyembamba kama kucha, na ikizidi kidogo tu gari linagoma asubuhi. Saa ya chakula Mzee Msimamizi alinifundisha ukulele. Alipenda kusema, "Gari dogo usilikemee. Limeshafanya linaloweza."

Alipostaafu, karakana ilifungwa, na mimi nikapata kazi mgodini Buzwagi, karibu na Kahama. Huko nilikutana na malori ambayo tairi lake lilinipita kimo. Ilikuwa kazi nzuri. Meneja wa karakana, mtu mpole mwenyeji wa Moshi, alinipandisha hadi fundi mwandamizi. Lakini kwa usalama wetu tulivaa viziba masikio zamu nzima, na kompyuta ndiyo iliyotuambia kilichoharibika. Nilikuwa natengeneza injini ambazo sikuruhusiwa kuzisikia. Polepole jambo hilo lilinichosha kuliko uzito wa spana.

Siku Meneja aliponiita kunipa usimamizi wa zamu, nilimwambia kwamba nataka kuacha kazi, nikafungue gereji ya magari madogo ya zamani kule Katoro.

"Fundi Kabula, Katoro watu wana fedha za dhahabu. Wanataka magari makubwa, mashangingi. Nani atakuletea Foksi?"

"Sijui, Meneja."

"Mumeo anasemaje?"

"Anasema nikishindwa tutalima mpunga."

Alicheka, akaniandikia barua ya kunitakia heri. Gereji ilipofunguliwa, mteja wangu wa kwanza alikuwa yeye. Alileta Foksi ya marehemu baba yake juu ya lori kutoka Moshi, panya wakiwa wamezaa kwenye viti. Ilipowaka, alikaa ndani peke yake muda mrefu, na sisi tukamwacha.

Hapo Katoro ndipo nilipoanza kuelewa watu wangu. Nilikuwa nimetundika ukutani ukulele alioniachia Mzee Msimamizi, na wale walioupenda ndio hao hao walioyapenda magari niliyokuwa nikiyafufua na kuyauza. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mtu anayeacha gitaa kubwa akachukua ukulele hatafuti kusikika mtaa wa pili. Anataka aliye karibu naye aimbe pamoja naye. Mtu huyo ukimpa shangingi lenye vioo vyeusi, umemfungia ndani. Anataka gari ambalo bega lake linagusana na la abiria, kioo kiko wazi, na akipita sokoni anaweza kusalimia bila kupiga kelele. Mwenye subira, anayeweka nyuzi sawa kabla ya kuimba, nampa Morisi. Mcheshi, anayekosea katikati ya wimbo akaendelea, huyo ni wa Fiati. Foksi ni ya mtu wa wimbo mmoja, anayeurudia kila siku na kila siku akiufurahia.

Muuguzi Mbuke, mkunga wa Masumbwe, alikuja akiwa na ukulele wake mwenyewe, anaowapigia watoto wodini. Nilimwomba apige. Alipiga vizuri, ila kila mtu alipoingia gerejini, yeye alisimama, akamsalimia na kumuuliza habari za nyumbani, kisha akaendelea pale alipoachia. Nikampa Reno. Mkono wa gia wa Reno umechomoza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli, na nyuma kuna mlango mpana wa kupakia mama, mtoto na mizigo yao yote. Ni gari la kusimama kila mahali.

Tatizo lilikuwa kaka yake. Nkwabi alikuwa mnunuzi wa dhahabu, tajiri wa kujituma na mkarimu, na kiwanja cha gereji yangu kilikuwa chake. Alikuwa ameshamnunulia dada yake shangingi jeupe. Alikuja gerejini, akaizunguka Reno, akasema taratibu, akiniita kwa jina la mwanangu, "Mama Shija, ninakuheshimu. Lakini mama yetu ametoka kuugua, Jumamosi tunamfanyia shukrani, ukoo mzima utakuwepo. Unataka dada yangu ashuke kwenye kikopo?"

"Muulize mwenyewe," nilisema, huku nikiwaza kiwanja. Sikuwa na mahali pengine pa kuhamishia gereji.

Mbuke, aliyekuwa amesimama kando ya Reno, alimjibu kwa utulivu kama anavyozungumza na wagonjwa. "Kaka, nikifika nyumbani kwa mama na hili, lako utalitafutia mtu mwingine. Nisipofika, nitachukua lako na hutanisikia nikibisha tena."

Nkwabi akakubali. Mbuke akaniomba nimsindikize.

Tulitoka Masumbwe Jumamosi asubuhi, sisi wawili kwenye Reno na Nkwabi nyuma yetu kwenye shangingi na dereva wake. Lami yote hadi Kahama Reno ilikwenda ikiimba. Tulipoingia barabara ya vumbi kuelekea kijijini kwao, karibu na mashine ya kusaga, Mbuke alikanyaga mafuta na pedali ikalala chini kama kitu kilichokufa. Niliinua boneti. Kebo ya mafuta, ule waya unaotoka kwenye pedali kwenda kwenye kabureta, ilikuwa imekatika.

Nkwabi alishuka. Hakufurahi wala hakucheka. "Basi, dada. Panda huku."

"Sikusema nitafika saa ngapi," Mbuke alisema. Akachukua ukulele, akakaa kwenye mlango wa nyuma, akaanza kupiga.

Mimi nilikwenda kwa fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda kando ya mashine. Kebo ya breki ya baiskeli ni nyembamba kuliko ile ya Reno, lakini ni imara, na Usukumani huwezi kukosa baiskeli. Alinikatia ndefu ya kutosha. Niliporudi, wanawake waliokuja kusaga walikuwa wamemzunguka Mbuke, unga ukiwa kwenye nywele na nyusi zao, wakiimba wimbo wa Kisukuma wa kulimia. Baadaye Mbuke aliniambia kwamba huo ndio mama yake aliowaimbia yeye na Nkwabi tangu wakiwa mgongoni.

Nililala chini ya dashibodi nikipitisha kebo. Kutoka pale nilisikia sauti nene ya kiume ikiingia kwenye kiitikio, kwanza kwa aibu, kisha kwa nguvu. Nilitoa kichwa. Alikuwa Nkwabi, mikono ameikunja kifuani, macho ameyafumba.

Nilipofunga skrubu ya mwisho na injini ikapokea mafuta, wanawake walipiga vigelegele. Nkwabi alisimama kidogo kati ya magari mawili. Kisha akamwambia dereva wake atangulie, akajikunja kwenye kiti cha mbele cha Reno, magoti yakikaribia kidevu. Mimi nikakaa nyuma na magunia ya mchele wa sherehe. Njiani hakusema neno juu ya gari. Alisalimia watu. "Mwangaluka," alimwambia kila tuliyempita, na walimwitikia kwa jina, wakishangaa kumwona.

Mama yao alikuwa amekaa kwenye kiti uani, amekonda baada ya ugonjwa. Shangingi lilikuwa limeshafika, linang'aa, na ukoo wote umelizunguka. Mama hakulitazama. Alikuja polepole na fimbo yake hadi kwenye Reno, akafungua mlango, akageuka, akakaa. Akavuta miguu yake ndani mwenyewe.

"Hili," alisema, "napanda bila kubebwa."

Nkwabi aliinamisha kichwa. Wakati wa ugonjwa, kila alipompeleka hospitali, yeye na dereva walimnyanyua mama hadi kwenye kiti cha juu cha shangingi, mbele za watu, na mama hakuwahi kulalamika. Mbuke aliwasha gari, wakazunguka kijiji kizima, mama akipunga mkono dirishani. Shukrani ilichelewa kuanza, na hakuna aliyejali.

Kuhusu kiwanja, Nkwabi hakuwahi kunihamisha. Miezi michache baadaye alinunua Fiati, akaja kwangu kuitengeneza.

Sasa nimestaafu kwa sababu ya magoti. Siku ya kuniaga, wateja walikuja kutoka Kahama, Geita na Masumbwe, kila mmoja na gari lake, tukapita Katoro kwa msafara wa taratibu, bodaboda wakitupisha na kutupigia honi. Binti yangu anaendesha gereji, na mikono yangu imeanza kuwa laini, jambo ambalo bado sijalizoea.

Vijana mnaoanza ufundi mtafundishwa vizuri mambo ya injini. Nami nawaomba mwongeze jambo moja. Mteja akija, kabla ya kumwuliza anataka gari gani, mwulizeni nani atakaa kiti cha pembeni. Mpeni nafasi ya kufikiri. Wengi watawatajia mama zao.