Chumba Kilichokwisha Kurudishwa

Fundi wa programu wa meza ya jirani huendesha kiini cha mfumo endeshi ndani ya programu nyingine, inayokagua kila sehemu ya kumbukumbu inayoguswa. Hapo kompyuta hujikokota kama inaota, naye hujikokota nayo: chai huikoroga polepole, sauti huishusha, vidole huvilaza kwenye kibodi bila kubonyeza. Leo onyo likajitokeza kwenye skrini: kijiprogramu kimoja kilikuwa bado kinagusa sehemu ya kumbukumbu ambayo kilikwisha kuirudisha. "Mwone huyu, dada," akaninong'oneza. "Chumba keshakirudisha, bado anaingia kama kwake." Tukacheka.

Jioni tulitoka pamoja. Penye kona akakata kushoto, kuelekea nyumba aliyoihama alipofiwa na mumewe, huku akipapasa mkoba kutafuta ufunguo. Nilimfuata kimya mpaka mlangoni. Akasimama, mkono ungali mkobani. "Nawe ukaniacha tu nije huku," akasema.