Chombo cha Maua Kati ya Vifaranga

Baba Njoki hakuwa mtu wa kukaa. Ukimkaribisha kiti, anaegemea mlango. Ukimpa chai, anainywa akizunguka ua kama mtu aliyepoteza ufunguo. Jina lake ni Mutahi, kazi yake ni kukereza miguu ya meza na viti hapa Kangema, na karakana yake imepakana na nyumba niliyopanga. Mimi ni mwalimu Benter, mtu wa Siaya, na baridi ya huku mwezi wa saba sijaizoea hadi leo. Nafuga vifaranga pia, na maranda ya kuwatandikia nachukua kwake. Ndivyo tulivyojuana.

Mwaka jana bintiye Njoki alikuwa anaolewa. Mama yake, Watiri, alikuwa ameshafariki, na mti wa avokado aliouotesha nyuma ya jikoni ulikuwa umeangushwa na upepo. Njoki aliomba kitu kimoja tu: chombo cha maua kilichokerezwa kutoka mti huo, kiwekwe kanisani kwenye kiti ambacho mama angekalia, kikiwa na maua mabichi na maji ndani. Ya plastiki hakutaka kuyasikia. Watiri mwenyewe alikuwa akiyaita maua ya uongo.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana mbao ya avokado hunywa maji kama mtoto aliyetoka kucheza. Dawa yake ni nta ya nyuki: unaiyeyusha, unaimimina ndani ya chombo, unakizungusha mpaka nta izame kwenye mbao. Ila mbao sharti iwe na joto, tena joto la polepole. Mutahi na polepole wapi na wapi! Chombo cha kwanza alikitia nta kikiwa baridi. Nta ikaganda juujuu, ikabanduka, maji yakapita. Cha pili alikisogeza karibu na jiko kipate joto upesi, kikapasuka kuanzia mdomo hadi kitako. Likabaki gogo moja. Mengine yote alikuwa amewagawia majirani wakapikia.

Alilikereza hilo la mwisho huku akinung'unika peke yake, akalipiga msasa, kisha akaja mbio hadi mlangoni kwangu.

"Mwalimu, niko na shida. Hiyo nyumba yako ya vifaranga iko na joto ya pole pole. Niwekee hii kitu hapo ndani."

"Kuku zangu zikufe sababu ya chombo ya maua?"

"Ni ya Watiri."

Nikakipokea, nikakiweka mbali kidogo na taa inayowapa vifaranga joto. Nikampa sharti moja: mlango usifunguliwe ovyo, kwa sababu vifaranga wakipigwa na baridi hurundikana, na wa chini hufa.

Kesho yake alikuja kabla sijawasha moto wa chai. Akaja tena mchana, akidai amesahau penseli. Jioni nilipotoka shuleni nilikuta mlango uko wazi, kichwa chake kiko ndani, na vifaranga wamejirundika pembeni wakilia. Nikawatawanya kwa mikono. Wa chini kabisa alikuwa ameshakufa. Nikakasirika, na mimi nikikasirika sina breki.

"Baba Njoki, wewe ni mzee wa aina gani? Ingia! Ingia nifunge. Si unataka kuiangalia? Basi ikalie!"

Akaingia. Nikamfungia, nikangoja abishe mlango. Hakubisha. Nikapika chai, nikakoroga uji wa mwanangu. Roho ikaanza kunisuta. Nilipompelekea chai nilimkuta ameketi juu ya debe lililogeuzwa, chombo mapajani, vifaranga wakidonoa kamba za viatu vyake. Niliogopa kidogo, kwa kuwa sikuwahi kumwona mtu huyo ameketi.

"Watiri alikuwa ananiambia kila siku, kaa chini," alisema bila kuniangalia. "Mimi namwambia ati nakuja."

Siku iliyofuata nta ilimiminwa humo humo, mlango umefungwa, na vifaranga wangu wakanuka asali. Tukakijaza maji, tukakisimamisha kwenye sinia ya majivu hadi asubuhi. Majivu yalikuwa makavu. Mutahi hakuyaamini.

Kanisani, chombo kilikaa kwenye kiti cha mbele kikiwa na mayungiyungi meupe ya mtoni, na Mutahi kando yake, mkono wake umepenya chini ya kitako cha chombo. Watu wakasimama kuimba. Yeye akabaki ameketi. Mchungaji akahubiri, watu wakasimama tena, bado ameketi. Nikajua tu kwamba maji yanatoka. Hata wazazi walipoitwa mbele kuwabariki maharusi hakutikisika, na shangazi mmoja akaanza kumkonyeza kwa hasira. Nikatoa leso yangu, nikasogea.

Njoki alinitangulia. Alishuka mwenyewe na shela lake, akainama mbele ya baba yake.

"Baba, inavuja?"

Mutahi akautoa mkono, akaufungua mbele yake. Kiganja kilikuwa kikavu.

"Haivuji," akasema. "Ngoja kidogo. Nimekaa na mama yako."

Njoki akakusanya gauni lake jeupe, akaketi sakafuni miguuni pao, na kanisa zima likangoja.