Kipaza Sauti cha Mama

Kwa nini kipaza sauti kilimsikia mama vizuri zaidi kikiwa mezani kuliko kikiwa mdomoni pake?

Mama alikuwa amenitembelea London na kesho yake alikuwa anarudi Bukavu, nami nilitaka hadithi zake zibaki nami. Nilipojaribu kumrekodi kwa laptop yangu peke yake, ilinasa mvumo wa feni yake tu, ndipo nikanunua kipaza sauti cha kuchomeka kwenye laptop, katika mtaa wa Peckham. Mama, mwimbaji wa kwaya, akakishika kama kanisani, ncha mdomoni.

“Haleluya! Huko nyuma mnanisikia?”

Kwenye rekodi sauti yake ilitoka hafifu.

“Mama, kisimamishe mezani.”

“Basi niseme kwa imani tu!”

Akasimulia. Niliporudia kusikiliza, kila neno lilikuwemo, nikashusha pumzi. Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba kipaza sauti cha aina ile husikia kwa ubavu, si kwa ncha; na pale mezani ubavu ndio uliomwelekea mama.