Breki za Mshoto

Jirani yangu Spoku anatengeneza baiskeli tangu sote wawili tulipokuwa na nywele. Enzi hizo mtu hakuchukua baiskeli ya mwenzake kama anavyochukua kikombe. Alibisha hodi, akaomba, akaelezwa tabia zake: cheni hii huchomoka mlimani, kengele hii hailii mpaka uipige kofi. Siku hizi watu wanadandia tu, na wakianguka wanatafuta mchawi.

Safari hii mchawi alikuwa Spoku. Kinyozi wa mtaani alijitwalia baiskeli ya shemeji yake, mke wa kaka yake, akateremka nayo kilimani. Alipobana breki, gurudumu la mbele likasimama. Yeye akaendelea na safari, akatua kwa kidevu. Baiskeli ilikuwa imetoka kwa Spoku juzi tu. Basi kila aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi aliondoka amenyolewa kichwa na kujazwa masikio: "Spoku hajui breki." Na mtaa mzima hunyolewa na yeye. Benchi la Spoku likabaki na mimi, nami sina baiskeli.

"Nikinyamaza, nitakufa njaa," Spoku akaniambia.

Akaenda kwa mwenye baiskeli, ambaye ni mshonaji wa nguo. Akazungusha magurudumu, akabana breki zote mbili. Nzima. Wakaisukuma hadi kwa kinyozi. Nikawafuata; umbea hauzeeki.

"Ulipotaka kusimama, ulibana mkono gani?" Spoku akauliza.

"Wa kulia, kama binadamu wote! Breki ya nyuma si iko kulia?"

Mshonaji akaangua kicheko. "Shemeji, mimi ni mshoto! Nilimwomba Spoku anigeuzie breki, ya nyuma iwe kushoto. Kwangu kulia ni ya mbele."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuja kuomba lini? Mimi nilitoka nje nikakuta ukuta nilikoiegemeza mtupu!"

Kinyozi akajishika kidevu chenye plasta. Breki haikumkatalia, ilimtii kupita kiasi.

"Spoku, ndugu yangu, nimekuchafua."

"Umenichafua kwa mdomo, nisafishe kwa mdomo. Kila atakayekaa hapo, mwambie ukweli. Anza na huyu."

Aliyekuwa kitini, nusu kichwa kimenyolewa, akageuka kwa hofu.

"Mimi nimeshasikia yote, wazee wangu. Mwacheni kwanza amalize upande wa pili!"