Kiti cha Shangazi

Kwa miaka tisa sikukaa kwenye kiti cha mtu. Nilijifungulia njiani, tukikimbia vita kutoka Masisi, siku tatu za uchungu bila mkunga. Mtoto alikufa, na kibofu changu kikaharibika kabisa. Tangu hapo mkojo ulitoka wenyewe kutwa kucha. Kambini, karibu na ziwa la Lac Vert, nilikuwa na jiwe langu la volkano la kukalia, maana jiwe huoshwa. Kwa watu nilisimama. Wakinikaribisha nikae, nilijibu kwamba nina haraka. Mkimbizi asiye na kazi, ana haraka kila siku!

Madaktari walinishona mara tatu, wakashindwa. Ndipo daktari mmoja, mama mwenye mikono midogo, akasema ataniundia mfuko mpya wa mkojo kwa kipande cha utumbo wangu mwenyewe, na mlango wake utakuwa kitovuni. Kila baada ya saa nne ningeingiza mrija mwembamba wa mpira hapo, mkojo utoke, niuchomoe, nifunge kitenge changu. Nilicheka sana. Kukojoa kwa kitovu! Lakini alifanya alichosema.

Tatizo likawa mimi. Miaka yote hiyo nilijinyima maji ili nisilowe, na wodini niliendelea kumwaga vikombe dirishani. Kumbe utumbo hutoa ute, na bila maji ute huwa mzito. Mpira ukaziba. Muuguzi akanifumania nikimwaga.

"Mama, uko unamwanga mayi? Unataka mufuko ife? Kunywa mbele yangu, yote!"

Nilikunywa nikilia kwa hasira.

Miezi michache baadaye kaka yangu wa Ndosho akaniita: binti yake alikuwa anatolewa mahari. Kwetu shangazi hukaa kando ya bibi harusi, na ndiye huonja kasiksi, ile pombe ya ndizi, kabla ya mtu yeyote. Kiti walichoniwekea kilivikwa kitambaa cheupe pe. Nilikiogopa kuliko nilivyoogopa kisu cha daktari. Kikilowa, mtoto wa kaka yangu angeanza ndoa kwa aibu yangu mimi.

Nikakaa. Nikanywa, tena si kidogo. Saa ilipofika nikaenda chooni na mpira wangu, nikarudi kukaa. Hotuba zilikuwa ndefu; wazee wetu wakishika mikro ya kusemea hawaiachii. Tuliposimama kwa sala, nilipitisha mkono nyuma yangu kwa mazoea, nikapapasa kitambaa. Kikavu. Nikapapasa tena. Kikavu kabisa. Furaha ilinijaa hadi nikasema "Amina" kabla padri hajamaliza, na watu wakanigeukia.

Muziki ulipoanza, bibi harusi akanivuta mkono.

"Shangazi, simama! Tuende tucheze!"

"Mutoto wangu, nilisimama miaka tisa. Uniache nikae."

Nikanyoosha kikombe, wakaniongezea.