Shubiri Moja ya Ufito

Niliukata mimi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekana, mwanzo kwa mama yangu aliyekuta unga wa mbao chini ya kitanda changu, kisha kwa kaka yangu siku ya matanga ya baba, na kwa ukaidi zaidi kwangu mwenyewe, mtu ninayelipwa kuandika makala za kuwahimiza wenzangu wawe wakweli. Nikisikia harufu ya chokaa mbichi, ile harufu kali inayokausha koo, mkono wangu wa kulia hujificha wenyewe nyuma ya gauni. Basi tuseme wazi: msumeno ulikuwa wa baba, ufito ulikuwa wa Mzee Issa, na shubiri moja iliyopungua niliitupa mimi chooni.

Nyumba yetu ya Katubuka, mjini Kigoma, ilikuwa na bwawa la kuogelea. Najua linavyosikika jambo hilo. Ziwa Tanganyika lilikuwa mwendo mfupi tu kwa miguu, kubwa na bure, na sisi tulikuwa na shimo letu la maji uani. Aliyelijenga ni mgeni mmoja aliyefanya biashara ya samaki wa mapambo, akaondoka na samaki wake, na baba yangu, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Ilagala, akanunua nyumba pamoja na shimo. Hakuna aliyekuwa akiogelea humo. Baba alilikalia pembeni jioni, suruali imekunjwa, miguu majini, akipokea wageni waliokuja wakinuka dagaa kama yeye, nao wakalisifu kwa adabu. Lipu yake ilikuwa imezeeka. Ilibanduka kwa mabamba, maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa, na ukigusa ukuta, unga wa saruji ulibaki kwenye vidole. Mwaka niliokuwa darasa la sita, binti wa afisa mmoja wa bandari alikuja kwetu kuazima daftari, akalitazama bwawa, na kesho yake darasa zima lilijua kwamba kwetu kuna josho la ng'ombe. Nikajibu kwamba linawekwa vigae vya buluu, na shule ikifunguliwa baada ya likizo ya Pasaka waje wote waone.

Sikuwa nimedanganya kabisa. Baba alikuwa ameshaagiza vigae, vikaja kwa treni kutoka Dar es Salaam, maboksi yakapangwa sebuleni hadi usawa wa dirisha, na kwa wiki kadhaa tulikula chakula tukiwa tumevikalia. Kilichobaki ni fundi, na fundi wa kuaminika alikuwa mmoja, Mzee Issa wa Ujiji. Alifika kwa baiskeli, kofia nyeupe, mwiko umefungwa kwenye fremu, akamsalimu mama kwa Kiha cha mama yake mzazi na baba kwa Kiswahili cha baba yake. Alilizunguka bwawa mara mbili. Kisha akashauri niru, saruji laini iliyosuguliwa kwa mwiko mpaka ing'ae, na vigae viuzwe kwa mwenye haja navyo. Udongo wa Katubuka, alisema, unavimba masika na kunywea kiangazi. Niru ikipasuka utaiziba kwa kiganja, lakini kigae kikishaachia, kinakukata mguu. Baba alicheka, akasema hakuvisafirisha vigae siku tatu ili aje kusugua sakafu kama ya msikitini. Mzee Issa akakubali vigae. Jambo moja tu hakulikubali, nalo ni kutoa maji kabla ya wakati.

Hapo ndipo ufito ulipoingia. Alizamisha bomba la chuma ardhini kando ya bwawa, na ndani yake akaning'iniza ufito mnyoofu alioupaka chokaa, kichwani umepitishwa msumari ili usitumbukie. Ncha yake ilifika usawa wa sakafu ya bwawa. Kila asubuhi, akitoka kuswali, alipanda baiskeli kutoka Ujiji, akauvuta ufito, akatazama ncha. Ikiwa na doa jeusi, maji ya ardhini bado yako juu. Asubuhi saba mfululizo zikipita ncha ikiwa nyeupe, ndipo tutalikausha. Aliniona nimesimama karibu, akanieleza kwa upole ambao sikuuomba. "Bwawa tupu ni kama mtumbwi, binti yangu. Likikuta maji chini yake, litataka kuelea."

Masika ya mwaka ule yalikuwa na kiburi. Siku kumi na moja ncha ilitoka nyeusi, naye akapanda baiskeli akarudi Ujiji bila hata kufungua mwiko. Likizo ilikuwa inakwisha. Nilikuwa nikilala nikiona darasa zima limejipanga ukingoni, likicheka. Siku ya kumi na mbili mchana, mama akiwa sokoni, niliuvuta ufito, nikakata shubiri moja chini, nikaipaka ncha mpya chokaa kutoka kwenye ndoo yake mwenyewe, nikaurudisha. Nilijiona mwerevu sana. Niliwahi hata kupima mara mbili, kwa kuwa mwalimu wa hesabu alitufundisha hivyo.

Asubuhi saba zilipita, zote nyeupe. Siku ya kwanza Mzee Issa aliushika ufito muda mrefu kidogo na kusema mvua za mwaka huu hazieleweki. Siku ya saba akafungua maji. Kesho yake, tukiwa tunakunywa uji, tulisikia kishindo cha kitu kizito kilichoangushwa, ila hakikuangushwa, kilipanda. Sakafu ya bwawa ilikuwa imeinuka katikati kama chapati inayovimba kwenye kikaango, ikapasuka kutoka ukuta hadi ukuta, na maji ya udongo yakawa yanachemka polepole kwenye ufa. Baba alisimama na kikombe mkononi. Mzee Issa alipofika, baba alimsema mbele ya wachukuzi wake wote waliokuja kupakia dagaa. Alimwita fundi wa mabanda ya kuku. Alimwambia kwamba Kigoma nzima, tangu Gungu hadi Ujiji, itajua kazi yake, na baba yangu alikuwa mtu wa kutimiza ahadi za namna hiyo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, bakuli la uji mkononi, na niliendelea kunywa.

Mzee Issa hakubishana. Aliuvuta ufito, akautazama, akasema maneno ambayo yamekaa nami kuliko elimu yote niliyopewa chuoni.

"Nimekosa mimi, Baba Anjela."

Akaondoka kwa miguu, akiisukuma baiskeli. Mwiko wake aliuacha ukingoni. Ufito aliuchukua, ameufunga kwenye fremu mahali pa mwiko, na mimi, mwerevu, nikashangaa mzee gani huyu anayeacha chombo cha kazi akabeba kijiti.

Fundi mwingine alikuja kiangazi, akavunja sakafu, akajenga upya, akaweka vigae vyangu. Vilikuwa vya buluu kweli. Wenzangu walikuja, wakasifu, wakala maandazi, na binti wa afisa wa bandari akaomba aje tena. Mmoja hakuja. Zuhura, binti wa Mzee Issa, tulisoma darasa moja. Shule ilipofunguliwa mwalimu aliita jina lake siku tatu, kisha akaacha kuliita. Tulisikia wamehamia Ilagala, baba yake anaziba mitumbwi kwa sababu hakuna tena anayempa ukuta.

Sasa nyumba ni yetu, mimi na kaka yangu, na maji hayangoji tena masika. Ziwa limepanda, Katubuka kuna nyumba ambazo wenyewe walizihama wakiacha milango wazi, na sisi tunajadili urembo wa bwawa. Vigae vinaachia kimoja kimoja. Mwezi uliopita kimoja kilimkata mpangaji wetu unyayoni, sawasawa na ilivyosemwa. Kaka, aliyeko Mwanza, hunitumia picha za vigae vipya kila jioni. Mimi nilikuwa nasema rangi maalumu ya mabwawa, kisha nikasema tulifukie, kisha nikarudi kwenye rangi, na kwa muda huo wote nilijua kwamba mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Gungu, anayesifiwa kwa kutouza saruji iliyoganda, ni Zuhura.

Nilimpigia Jumanne asubuhi. Nilijitambulisha kwa jina la ukoo, kama mteja. Nikaeleza bwawa, udongo, vigae vilivyoachia. Nikauliza yeye angeshauri nini.

"Baba alishawajibu," alisema. "Niru."

Nyuma yake mabati yalikuwa yanashushwa. Nikamwambia, Zuhura, ndugu yangu, kuna jambo. Akanikatiza, bila hasira, kama anayemwokolea mteja muda.

"Alijua asubuhi ile ile, Anjela. Aliupima njiani kwa shubiri yake, na mtoto aliyekuwa amemweleza kazi ya ncha ni wewe tu. Alisema akikutaja, utapigwa, na yeye bado hataaminiwa, kwa hiyo kuna faida gani." Mabati yakalia. "Mimi nilimwambia akutaje. Nilikuwa naipenda shule."

Nilijikuta nimeshika kalamu, kana kwamba naandika oda. Mtu aliyeandika vitabu vinne.

"Msitoe maji sasa," akaendelea. "Subirini kiangazi. Ufito ninao hapa dukani, tuma mtu auchukue. Ila kabla hamjapima nao, uungeni chini shubiri moja. Iwe ya mtoto wa darasa la sita, si ya mkono wako wa sasa."

Akamwita mteja aliyefuata.